Seva ya Pili Haikuwa Imeambiwa

Kwa wiki nzima mama wa eksirei katika hospitali yetu ya Tukuyu alianza kila asubuhi kwa kufuta. Diski za kuhifadhia picha zilikuwa zimejaa. Ili apate nafasi ya mguu uliovunjika leo, ilibidi afute mguu uliovunjika mwaka juzi.

"Leo nimemfuta bibi wa Lupepo," aliniambia. "Akirudi na nyonga yake, nitailinganisha na nini?"

Siku diski mpya zilipofika, mimi fundi wa kompyuta nilimwomba asifute. Alikubali, ila akanipa muda hadi saa nane, wagonjwa wa mchana wanapoanza kuingia. Karatasi ya majina ya kufuta akaikunja, akaiweka mfukoni.

Tuna seva mbili, kompyuta kuu za kutunza picha, zinazotumia kabati moja la diski. Moja ikifa, nyingine inapokea kazi. Ndivyo walivyotuambia waliozifunga. Nami nikauliza: nani ameshuhudia? Hakuna. Mkuu wangu akasema mambo mengine huaminiwa tu. Imani ya aina hiyo niliiacha chuoni, mwaka wa pili.

Nikaziunga diski mpya na za zamani, nikakata humo kipande kipya cha kuhifadhia picha, nikakifungua kwenye seva ya kwanza. Hakuna kilichozimwa hata dakika moja. Mama akapiga picha ya bega la mkulima wa viazi wa Isongole aliyeanguka na bodaboda, nayo ikakaa kwenye kipande kipya. Nilitaka kurukaruka.

"Kwa hiyo umegawa shamba," mama akasema. "Jirani alikuwepo?"

"Jirani gani?"

"Huyo wa pili. Kwetu ukipanda mti wa mpaka jirani hayupo, asubuhi unaukuta umeng'olewa."

Nikamwambia seva hazigombanii migomba. Kisha, kwa kujionyesha, nikachomoa waya wa umeme wa seva ya kwanza.

Kioo cha kompyuta kikaganda. Baada ya muda seva ya pili ikapokea: majina yapo, picha za zamani zipo. Bega halipo.

Lilikuwa salama kabatini, ila seva ya pili haikuwa imeambiwa. Kipande nilikuwa nimekifungua upande mmoja tu, nikasahau kukiingiza kwenye orodha ya vitu ambavyo anayepokea kazi lazima avichukue. Mama akatabasamu kama mtu anayetafuna ndizi tamu.

Saa nane kasoro robo kipande kilikuwa kwenye orodha, seva zote mbili zimeamka, na kazi nimeirudisha kwenye ile ya kwanza. Nikanyoosha mkono kwenye waya.

"Ngoja. Wewe msomi umeshachomoa. Zamu yangu."

"Na kikiharibika kitu, mama?"

"Nitakufuta wewe."

Akachomoa. Tukahesabu kwa sauti kama watoto wanaocheza kombolela. Kwenye kumi na nne bega likatokea, na ufa wake mwembamba. Tulicheka mpaka nikakaa sakafuni. Akaichana ile karatasi vipande vidogo, akanimwagia kichwani.

Akarudisha waya, akasubiri seva iamke, kisha akaisogelea ile ya pili, ambayo sasa ndiyo iliyoshika kazi.

"Na hii," akauliza, "nani ameshuhudia?"