Mstari Nilioufuta kwenye Chapa ya Ngamia

Ukitaka kunikasirisha kabla sijanywa chai, niambie: "Logo nitakutumia kwa WhatsApp." Nitakachopokea nakijua. Ni picha ya simu ya barua iliyokunjwa mara nne, na chini yake mteja ameandika, "Nataka ijae ukuta wa duka." Nikimwambia haiwezekani, anaitazama kompyuta yangu, halafu ananitazama mimi, kama mtu anayejiuliza ni kipi kati ya hivi viwili kimeharibika.

Nimechoka kueleza, lakini nitaeleza. Picha ya simu ni kama mahindi yaliyoanikwa kwenye turubai. Ukisimama mbali unaona kitu kimoja cha manjano. Ukisogea unaona punje, na kati ya punje hakuna kitu. Hiyo ndiyo rasta. Ukiivuta iwe kubwa mahindi hayaongezeki, ni punje tu zinazonenepa. Vekta ni kama shamba lililopimwa: kuna vigingi, kuna kamba kutoka kigingi hadi kigingi, basi. Tenganisha vigingi utakavyo, kamba itabaki imenyooka. Nembo iliyochorwa hivyo utaiweka kwenye kifuniko cha soda au kwenye tangi la maji, na ukingo wake utabaki mkali vilevile.

"Shida ni kwamba hii ni rasta," nilimwambia siku moja muuza miraa aliyetaka bango. Akapapasa kipara chake. "Rasta nitatoa wapi, dada yangu?" Duka zima likacheka. Nami nikacheka, kidogo.

Duka lenyewe liko kando ya barabara kuu ya Isiolo, na mlangoni bosi ameandika TUNAPIGA CHAPA. Katika mji huu maneno hayo yana wenyewe wawili: sisi wa karatasi, na wale wa soko la mifugo wenye vyuma vya moto. Bosi alianza kwa kupiga picha za pasipoti. Ananiita "msomi," na si kwa sifa. Dawa yake kwa kila kazi ni neno moja: safisha. Picha ina giza, safisha. Nembo imechakaa, safisha. Nilikuwa nikimdharau kwa neno hilo. Sasa nalichukia kwa sababu nilipata kulitumia mimi.

Alikuja mama mmoja, kiongozi wa kikundi cha wanawake wanaouza maziwa ya ngamia. Kila siku wanayakusanya, wanayatia kwenye mitungi ya plastiki na kuyapakia kwenye basi la asubuhi liendalo Nairobi. Mitungi yao ilikuwa na alama, ile ile chapa ya ngamia wa ukoo wa mumewe, iliyochomwa kwa chuma: nusu duara iliyofunguka chini, na mguu mrefu ukishuka katikati yake. Lakini chuma kilikuwa kimeanza kupasua plastiki, na wateja wa Nairobi, alisema, wanaamini kitu chenye stika. Akanitumia picha ya mtungi mmoja. Kwa WhatsApp.

Bosi akaniambia nibonyeze kile kitufe kinachogeuza picha kuwa vekta chenyewe, tumalize. Nilikataa. Kompyuta ikifanya peke yake inapigilia vigingi mia mahali pa vitatu, na mstari unatetemeka kama umechorwa na mgonjwa. Nilisoma miaka minne ili nisiwe mtu wa kubonyeza kitufe. Nikachukua kalamu ya programu, nikaweka picha chini yake, nikafuata chapa ile kwa mkono, kigingi baada ya kigingi. Plastiki ilikuwa imejaa masizi na mikwaruzo. Kando ya ule mguu kulikuwa na mkwaruzo mmoja mfupi, mweusi. Niliutazama labda sekunde mbili. Nikauacha nje.

Mama alipokuja kuona, nilimgeuzia skrini kwa majivuno. Nembo ilikuwa nzuri, na hata leo sisemi vinginevyo.

"Na ile ndogo?" akauliza.

"Ipi, mama?"

"Ile ya kando."

"Aa, hiyo ilikuwa uchafu wa picha. Nimeisafisha."

Aliinama. Akaisogelea skrini, akarudi nyuma. "Haya," akasema. "Nyinyi ndio mmesoma."

Ni sentensi ninayoisikia kila juma, na kila mara huwa naisikia kama heshima. Kwa nini sikujiuliza? Mimi ninayemuuliza kasisi kwa nini, ninayewauliza wagombea kwa nini, ninayejisifu kwamba simezi kitu bila kukitafuna! Mama huyu aliniuliza swali la maneno matatu, nami nikamjibu kabla sijafikiri. Na si kwamba sikuwa na njia ya kujua. Nilizaliwa Burat, hapa nje ya mji, nimekunywa maziwa haya tangu utotoni. Najua kwamba kwa wanawake hawa kusafisha mtungi ni kuufukiza kwa vijiti vinavyowaka mpaka vipande vya mkaa vibaki ndani, na kwamba mtu akiusugua mpaka ung'ae watamwambia ameuharibu. Nililijua hilo kwa ulimi. Kwenye kompyuta sikulijua.

Bosi akamtumia picha ya mwisho ili akubali. Akajibu, "Sawa." Tukachapa stika.

Baada ya siku chache aliingia dukani bila hata salaam aleikum, na kwa mtu kama yeye hilo peke yake ni tusi. Akaweka mtungi mtupu juu ya meza yangu, stika ikinitazama.

"Hii ni ya nani?" akauliza.

"Si ni yenu, mama?"

"Hii ni ya ndugu mkubwa."

Akanieleza, polepole, kama anavyoelezwa mtoto. Zamani ngamia walikuwa wa nyumba moja. Baba mkwe wake alipogawana na kaka yake, kaka alibaki na chapa kama ilivyo, naye baba mkwe akaongeza mstari mfupi kando ya mguu. Mstari huo ndio nyumba yao. Wake wa nyumba ya kaka nao wanauza maziwa, kwenye basi lile lile. Wabebaji wa Nairobi hawasomi majina, wanasoma alama. Walipoiona stika yangu walipeleka mitungi yake yote kwa wateja wa nyumba ya kaka. Sasa wenye chapa isiyo na mstari wanasema amewaibia alama ili awaibie wateja, na wamemwambia mpakiaji wa basi asipokee tena mtungi wake hata mmoja.

"Kesho asubuhi wananitoa kwa basi," akasema. "Na maziwa yakikosa basi, mchana yamechacha. Nitapelekea nani?"

Kabla sijafungua mdomo bosi alikuwa ameshatoa simu.

"Mama, na hii ni nini? Si wewe uliandika sawa?"

"Niliandika kwa sababu huyu aliniambia ni uchafu."

"Sasa sawa si ni sawa?"

Akamsogezea ile simu karibu na uso, kidole kikiwa kwenye neno. Nilitamani kuitupa barabarani. Herufi nne alizoandika mtu aliyenyamazishwa, na tayari zimekuwa ushahidi dhidi yake! Ni ridhaa gani hiyo? Mama alichukua mtungi wake akatoka.

"Tumchapie zingine," nikasema. "Kosa ni langu. Nitaongeza mstari sasa hivi, ni kigingi hapa na kigingi hapa."

"Usikubali kosa mbele ya mteja."

"Ameshaenda."

"Hata akiwa ameenda. Mashine haichapi majuto, msomi."

Nilibishana naye mpaka sauti ikanikauka, na mashine haikuwashwa. Hasira yangu kwake ilikuwa kubwa, lakini haikuwa na pa kukaa, kwa sababu kila nilipomlaumu niliona mkono wangu mwenyewe ukiuruka ule mstari. Nilifundishwa chuoni kuondoa kwenye picha kelele, yaani madoa yasiyotakiwa. Hakuna mwalimu aliyeuliza nani anaamua kelele ni ipi, nami mwenye maswali sikuuliza.

Kulipopambazuka nilikwenda mahali basi linapopakia. Mama alikuwepo na wenzake wawili na mitungi tisa yenye stika. Mbele yao, kati yao na mlango wa mizigo, walisimama wanawake wa nyumba ya kaka. Mkubwa wao alikuwa mrefu, mwenye shali ya buluu.

"Mimi ndiye niliyechora," nikamwambia. "Alama yao ina mstari. Ni mimi niliyeufuta."

"Amekulipa uje useme hivyo?"

"Hapana."

"Nionyeshe huo mstari."

Nikatoa simu, nikafungua ile picha yao ya mtungi. Akaivuta kwa vidole viwili ili aone vizuri, na mkwaruzo ukavunjika kuwa miraba ya kijivu na kahawia. Akaivuta zaidi. Miraba ikawa mikubwa zaidi.

"Mimi naona uchafu tu," akasema, na wenzake wakaguna.

Nilisimama pale na shahada yangu, simu mkononi. Ni yeye mama aliyeinama, akauinua mtungi mmoja mtupu wa zamani aliokuja nao, wa kabla ya stika, mweusi kwa moshi.

"Abayo," akamwita yule wa shali kwa neno la dada. "Lete mkono."

"Wa nini?"

"Lete."

Akakishika kidole chake, akakipitisha juu ya plastiki. Kwenye nusu duara. Kwenye mguu. Kisha kando, pale pafupi. Kidole kikaingia katika mfereji wa chuma kikasimama. Yule mwanamke alirudia mwenyewe mara mbili, macho yakiwa mbali kama ya mtu anayesikiliza.

"Ni mstari wa mzee wenu," akasema hatimaye. "Iko." Wenzake wakasogea kando ya mlango. Lakini akainua mkono ule ule. "Hizi karatasi zenu zitoke kwanza. Mtungi wenye alama yetu hautapanda na maziwa yenu."

Mpakiaji akapiga kelele kwamba dereva ameshanywa chai. Tukapiga magoti vumbini kukwangua. Stika zilikuwa za plastiki nzito, nilizichagua mwenyewe ili zisiogope maji wala jua. Zilitoka vipande vipande, vidogo kama magamba ya samaki, na gundi ikabaki. Kucha zangu mbili zilivunjika. Mwenzake mmoja alitumia kisu, mwingine kifuniko cha soda.

"Si ulisema hii haitoki hata kwa mvua?" mama akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Nilisema."

"Wallahi, hapo tu ndipo ulisema kweli."

Wakacheka wale wawili. Mimi nilishindwa.

"Nitaichora upya, mama. Pamoja na mstari. Utakaa kando yangu uniambie kila kitu."

"Ya nini? Chuma iko."

Mitungi saba ilikuwa imebanduliwa basi lilipoanza kunguruma. Iliingia yote saba. Miwili ilibaki chini, imejaa, stika zikiwa nusu. Basi likaondoka. Mama hakulifuata kwa macho, akauvuta mtungi mmoja katikati ya miguu yake akaendelea kukwangua, na mimi nikauvuta wa pili.

Yule wa shali ya buluu alipita akirudi nyumbani, akatukuta hivyo.

"Basi limeenda," akasema. "Mnakwangulia nani sasa?"

"Hakuna mtu," mama akamjibu. "Lakini hii alama si yetu."