Msanii Hajulikani

Vumbi la mpingo huwasha pua. Juzi nilipita kwenye karakana ya chuo ninakofundisha historia ya sanaa, mwanafunzi mmoja akawa anapiga tupa kipande cha mpingo. Nikapiga chafya tatu mfululizo, na papo hapo nikajiona nipo kijijini kwetu Chilangala, kwenye kibanda cha Mjomba Issa, nimekalia gogo, sare ya shule imejaa unga mweusi. Mama alikuwa akinigombeza kwa sare hiyo. Mjomba alimjibu kwamba mpwa ni wa mjomba, sabuni atanunua yeye. Hakuwahi kuinunua.

Mjomba alichonga mashetani: jicho moja, mdomo ubavuni, mguu uliotokea tumboni. Ukimuuliza kwa nini, anasema mti ndio uliotaka hivyo. Nilimpenda sana mtu huyu, na huyuhuyu ndiye niliyemkosea.

Nilikuwa kidato cha pili, bweni, upande wa Masasi, nimezama katika kitabu kimoja cha sanaa ya kisasa kilichochakaa hadi jalada likashonwa kwa uzi. Nilikariri mikondo yote: waliovunja sura vipande vipande, waliochora ndoto, waliomwaga rangi tu. Kila picha ilikuwa na jina la mwenyewe. Ukurasa mmoja ulionyesha vinyago vya Afrika, ambavyo wakubwa hao walivitazama wakajifunza. Chini ya kila kimoja paliandikwa: msanii hajulikani.

Mwalimu alipoandaa maonyesho shuleni, nilimwomba Mjomba shetani mmoja. Akanipa yule aliyemchonga msimu mzima wa korosho. Nami, kwa kujifanya msomi, nikambandika shetani huyo kikaratasi kama kitabu kilivyofanya.

Siku yenyewe Mjomba alikuja na kanzu yake ya Idi. Nikamwamkia, akaitika, akasimama mbele ya kazi yake akitabasamu. Kusoma hakujua.

"Nisomee, mpwa wangu."

Nikasoma kwa majivuno: "Kinyago cha Kimakonde. Mpingo. Msanii hajulikani."

Akanigeukia. "Hajulikani na nani?"

"Ndivyo vitabu vinavyoandika, mjomba."

"Haya. Mliosoma ni nyie."

Mgeni mmoja alikipenda kile kinyago, Mjomba akamwachia, kikaenda zake na kikaratasi changu. Mpaka leo sijui kiko wapi.

Niliporudi likizo, siku za mwisho nikaona kila chombo cha mti nyumbani kina herufi: mchi, mwiko, kigoda cha bibi, hata mpini wa jembe. ISA, na S yenyewe imegeuka. Nilicheka hadi machozi, nikamwambia ameacha S moja. Naye akacheka, kwa adabu.

Mjomba ameshafariki. Miaka mingi niliamini kosa langu lilikuwa lile neno kwenye karatasi. Lakini lile nadhani alishanisamehe. Linaloniuma nililielewa ukubwani, mdogo wangu aliponisimulia. Likizo ile nilikuwepo palepale, msomi wa ukoo, nikishinda kibandani kwake nikimhadithia mikondo ya Ulaya. Na alipotaka kuandika jina lake, Mjomba alimwomba mdogo wangu, wakati huo wa darasa la pili, amfundishe, wakawa wanajificha nyuma ya nyumba ili nisiwaone.