Mwalimu wa Kitale anayefundisha bila kalamu

Saa kumi jioni, Ijumaa. Mlangoni mwa nyumba moja mjini Kitale, Fridah Nabwile anavua viatu, anachomoa kalamu mkobani na kuitumbukiza ndani ya kiatu cha kulia. Kisha anaingia sebuleni mikono mitupu.

Ndivyo afanyavyo katika kila nyumba anamofundisha watoto baada ya shule. Mwalimu asiye na kalamu, anasema, hashawishiki.

Mezani anamngoja Ciru, msichana wa miaka kumi na minne, mwanafunzi wa Gredi ya Tisa. Jumatatu anatakiwa kuwasilisha mradi kuhusu jinsi familia yake inavyohifadhi mahindi yasiliwe na fukusi. Karatasi iko mbele yake, nyeupe kabisa.

"Si unianzishie tu, Ticha. Sentensi moja," anaomba.

"Kwenu mahindi mnaanika wapi?"

"Kwa turubai."

"Kwa nini si chini kwa mchanga?"

Ciru anakuna kichwa, anaandika, anafuta, anaandika tena. Nabwile amekalia viganja vyake.

Baba ya msichana, Gathii, mfanyabiashara wa mahindi, amekuwa akisikiliza kutoka kwenye kochi. Uvumilivu unamwishia.

"Mwalimu, mimi sikulipi ukae ukiangalia mtoto akihangaika. Andika hiyo kitu, yeye anakili. Wenzake wote wanaandikiwa."

"Hiyo siwezi, Baba Ciru."

"Huwezi ama hutaki?"

"Sitaki."

Gathii anamwambia basi asirudi tena, na majirani nao watasikia. Si tisho dogo. Nabwile ana wanafunzi saba, na wanne wako mtaa huu huu. Hulipwa shilingi mia tatu kwa saa, na hizo ndizo kodi yake ya nyumba na unga wake.

Anatazama saa ya ukutani. "Sawa. Lakini zimebaki dakika kumi na tano, na hizo ulishalipia."

Anamgeukia Ciru. "Nani hapa nyumbani anajua mahindi yakikauka sawasawa?"

Msichana anamtazama babake. Gathii amenuna, lakini mahindi ni mahindi, na kuyanyamazia hawezi.

"Unauma punje," anasema bila kumtazama mtu. "Ikilia kwa meno, imekauka. Ikibonyea, hiyo bado bana."

Ciru anaandika mbiombio.

Ukaidi huu Nabwile hakuzaliwa nao. Alikulia Bungoma, akasomea ualimu, akangoja ajira ya serikali ambayo mpaka leo, akiwa na miaka thelathini na mmoja, hajaipata. Akaanza kuzunguka nyumba za watu huko huko akifundisha, na kwa miaka miwili alikuwa mwalimu kipenzi cha wazazi. Kazi za watoto zilikuwa zikirudi na alama za vema tupu.

"Nilikuwa naandika na mkono wa kushoto, ndio mwandiko ukae wa mtoto," anasema. "Nilikuwa nimezoea mpaka nakosea makusudi. Ati ndio isikae safi sana."

Kisha ukafika mtihani wa Gredi ya Sita. Mwanafunzi wake Nasimiyu alijaza jina lake kwenye karatasi, akakaa hivyo hivyo mpaka kengele. Mamake, Bi. Khaemba, aliamini kuna mtu amemroga binti yake. Akaita watu wa kanisa, wakaomba siku tatu.

"Nilikuwa pale," Nabwile anasema, na sauti yake inapungua. "Walikuwa wanakemea pepo, na pepo ni mimi. Nikasema amina pamoja nao."

Siku ya tatu alishindwa kuvumilia. Akampeleka mama huyo nyuma ya nyumba, akamweleza yote. Bi. Khaemba hakupiga kelele. "Afadhali ungeniambia ni ugonjwa," alisema, akarudi kwa wageni wake. Aibu ile ndiyo iliyomleta Nabwile Kitale, na anasema haoni kwa nini imtoke.

Gathii hakungoja Jumatatu. Jumamosi alienda saiba, duka la intaneti, akarudi na mradi wa kurasa kumi na mbili, picha za rangi na jalada gumu. Ukurasa wa tatu ulieleza jinsi "familia yetu" inavyokausha samaki ufukweni.

"Sisi samaki tunanunua wa kukaangwa," Ciru anasema akicheka. "Wawili, wakikuja wageni."

Aliubeba mradi huo hadi shuleni, akauacha mkobani. Akawasilisha karatasi zake nne, zilizotoboka kwa kufutwafutwa. Mwalimu wa darasa alimuuliza maswali, naye akajibu yote, hadi lile la punje na meno. Hata hivyo alipata alama za wastani, na miradi miwili ya kununuliwa ikampita.

"Wacha impite," anasema Nabwile. "Waulize hao wenye alama za juu, nani aliuma punje?"

Kufikia Jumatano, nyumba zote nne zilikuwa zimemfungia mlango. Alhamisi Gathii akapiga simu. Hakuomba radhi. Alisema msichana amekataa mwalimu mwingine, kwa hivyo Nabwile anaweza kurudi, mradi tu awe anamwandikia mtoto utangulizi.

"Nilimwambia hata nukta sitaweka, Baba Ciru. Akakata."

Sasa amelipia chumba kimoja nyuma ya soko la Kitale, na Januari anataka kukifungua. Watoto ndio watakaomfuata huko. Mzazi anayetaka kukaa ndani akaribie, kuna benchi lake, ila hatamwandikia mtoto. Kwa sasa ana wanafunzi watatu, na Ciru, ambaye mamake amesema atamlipia kimyakimya.

Na wasipoongezeka?

"Nitauza mboga hapo nje," anasema, akisukuma dirisha lifunguke. "Mboga nikiuza najua mtu ameenda na kitu nyumbani. Lakini mtoto kuenda bure tena kwa mkono wangu, hapana. Hiyo hata wakinifukuza Kitale yote."