Honi Iliyoharibu Kipimo

Ting. Sauti nyembamba ya fimbo ya madini iliyogongwa mara moja, kisha kimya cha kuumiza masikio: hivyo ndivyo ninavyousikia hadi leo ule msimu wa vumbi mama alipotuacha mtaani Kapata akaenda kufanya biashara mji wa Fungurume. Tata, baba yangu, alifanya kazi labo, maabara ya kupima madini, karibu na safu za nyumba zetu. Huko waliyeyusha aloi, yaani shaba iliyochanganywa na nikeli, kobalti na madini mengine, wakaitengeneza kuwa fimbo ndogo. Tata aliining'iniza fimbo kwa nyuzi, akaigonga kwa kinyundo, na mashine ikanasa mlio. Kwa mlio huo wahandisi walijua fimbo ni ngumu kiasi gani, itapinda vipi na bado irudi ilivyokuwa, ndipo wakachagua mchanganyiko unaofuata. Ukikohoa tu, kipimo kimeharibika. Basi baada ya shule nilikaa pembeni, mdomo nimeufunga, nikinusa mafuta ya mashine. Samaki mkunje angali mbichi, wanasema. Mimi nilikunjwa vizuri: hata nyumbani sikusema.

Mchana mmoja lori lilisimama mbele ya labo. Dereva aliyezoea kubeba mizigo ya mama akaniita. "Mama yako amenituma nikubebe. Kimbia uambie tata yako. Ukichelewa, napakia gunia ya mihogo pa nafasi yako." Nilitaka sana kwenda. Niliingia mbio. Tata hakugeuka, aliweka kidole mdomoni. Ting. Akaigeuza fimbo. Ting. Nikasimama, maneno yamejaa kinywani. Nje dereva akapiga honi ndefu, nayo ikaingia kwenye mashine. Tata akasonya. "Imeharibika. Tuanze upya." Akaanza upya, nami nikamsubiri, mjinga mimi, huku lori likiondoka.

Alipomaliza akauliza, akiniita binti yake "mama" kama alivyozoea, "Eh, mama, ulitaka nini?"

"Gari imeenda."

"Ya wapi?"

"Ya kwa mama."

Akafuta kinyundo kwa kitambaa. "Itakuja ingine."

Haikuja. Siku hizi mimi ni mtu mzima, Fungurume naenda nikitaka. Mama ana watoto wengine, wananipa kiti kama mgeni. Tata amestaafu, anakuja kwangu Jumapili. Juzi binti yangu alikuwa akimsimulia habari za bata wa jirani, habari isiyo na mwisho, tata akainua kidole mdomoni, kama kule labo.

"Tata," nikamwambia, "hapa kwangu mutoto anasema."

Akakishusha. Binti yangu akarudia habari ya bata tangu mwanzo.