Siku Dallas Ilipopimwa

Lydiah hana mdomo wa ugomvi. Miaka yote niliyokaa jirani naye huku upande wa chini wa mtaa wa Dallas, mjini Embu, sijawahi kumsikia akimfokea mtu. Alikuwa akimuuguza mamake aliyepooza, na shuka za mgonjwa hufuliwa kila siku, maji yawepo yasiwepo. Bomba lilikomea kwenye majumba ya juu. Sisi tulishuka mtoni.

Kwa hivyo watafiti walipokuja, miaka ile kaunti zilipokuwa changa, kuwauliza wakazi kama mji wetu unakalika, Lydiah alifurahi kuliko sisi sote. Tuliambiwa wazi kuwa mtaa utakaopata alama mbaya za maji ndio utakaopelekewa bomba kwanza. Akasimama kwenye kikundi chetu cha akina mama wa kanisa akasema, "Tusiwafiche kitu." Nelius, yaani Mama Njue, rafiki yake tangu shule, ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga makofi.

Na watu wakafanya nini? Wakafanya yale yale tunayofanya mgeni akija. Asubuhi ya kuhojiwa wanawake walishuka mtoni mapema, wakajaza kila pipa. Nyua zikafagiwa, nduma zikachemshwa, vikombe vya harusi vikatolewa kabatini. Watafiti walinawishwa maji ya kumwaga, kisha wakauliza kama maji yapo. Yapo, wakajibiwa, nyumba baada ya nyumba. Ni Lydiah peke yake aliyewapeleka hadi kitandani kwa mamake akawaonyesha shuka.

Walipokuwa wakinywa chai kwa Nelius, wakamuuliza kuhusu yule jirani wa shuka. Nilikuwa mlangoni nikimenya nduma, nikamsikia kwa masikio yangu.

"Huyo ana mgonjwa," Nelius alisema kwa upole. "Amechoka tu. Maji tuko nayo."

Matokeo yalisomwa kwenye mkutano wa hadhara. Mtaa wetu ukasifiwa kwa maji, watu wakashangilia kama wajinga, na bomba likapelekwa kwingine. Lydiah alimfuata Nelius hadi kwake.

"Mama Njue, si tuliongea?"

"Tuliongea. Lakini Lydiah, mgeni ukimwambia hauna maji, hiyo chai yako atakunywa aje?"

"Na mimi ukasema nimechoka."

"Kwani haujachoka?"

Ningekuwa mimi ningemtukana. Ule ulikuwa usaliti, na kusemwa kwa upole hakukuupunguza hata kidogo. Lydiah aligeuka akaenda zake.

Huku kwetu mtungi hubebwa mgongoni kwa ukanda wa kichwani, na ukijaa huwezi kujitwika. Lazima mwenzako akuinulie. Wawili hao waliinuliana tangu wakiwa wasichana. Sasa wakikutana mtoni, Lydiah humsalimia Nelius vizuri tu. Kisha hujaza mtungi wake nusu, kiasi anachoweza kujiinulia mwenyewe, akapanda nao, akamfulia mamake, akashuka tena.