Siku Niliyomshika Mkono Mama Rasoa

Chekeni tu, nimezoea. Nilianguka kitini mbele ya watu wa Thika na wa Ruiru, miguu juu, kofia huko, machozi na makamasi usoni, halafu nikainuka nikafanya jambo baya zaidi, na hilo jambo baya sijalitubu mpaka leo, kwa hivyo mkitaka kunihurumia msijisumbue.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa karani wa mizani kwenye shamba la kahawa, Ruiru. Ilikuwa Hali ya Hatari, mkisimama watano pamoja mnaulizwa vipande vya kitambulisho, lakini kucheka hakukuombewa ruhusa. Basi sisi wa Ruiru na wenzetu wa Thika tulikuwa tunabishana kila siku nani ana mchekeshaji mkali, si mwimbaji, si mpiga gitaa, mtu wa kusimama tu na mdomo wake, mpaka ikapangwa Jumapili mchana, kwenye holi moja huko Thika, achaguliwe Mchekeshaji Nambari Wani Tangu Dunia Iumbwe. (Dunia yenyewe ilikuwa Thika na Ruiru, lakini nani alikuwa anauliza?)

Nikajisifu. Nilimwambia Njoroge, fundi wa baiskeli, ambaye ndiye alikuwa mchekeshaji wetu wa Ruiru, kwamba hajazaliwa mtu wa kunichekesha mimi.

"Ngai!" akasema. "Basi wewe ndiye jaji. Atakayekuchekesha ameshinda."

Watu wa Thika walipoiona sura yangu wakakubali bila hata kuniuliza jina. Na mimi nikanyamazia kitu kimoja kidogo tu, kwamba nimeposa huko huko Thika, binti wa Mzee Musa wa kiwandani, anaitwa Rasoa, watu wa kwetu magharibi. Niliona nikisema watanitoa kwenye kiti, wadai napendelea, na kile kiti nilikuwa nimeshakipenda.

Sasa sikieni vizuri. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawaangaliani usoni, hawashikani mkono, hawacheki pamoja. Nilikuwa nimeenda kwa kina Rasoa mara tatu, na mara zote tatu mama alijificha jikoni, mimi nikakaa nikitazama viatu vyangu. Sura yake sikuijua. Yangu pia hakuijua, labda mgongo, kupitia ufa wa mlango.

Siku ikafika. Kilonzo wa Thika akaanza, akaiga lori bovu linapanda mlima, holi nzima ikalia kwa kicheko, mimi kimya. Njoroge akafuata, akamwiga mnyapara anayehesabu watu na kujisahau mwenyewe, mimi kimya, na vile alivyonikodolea macho nilijua baiskeli yangu haitatengenezwa tena mwaka huo.

"Kuna mwingine?" akauliza msimamizi.

Wanawake wakamsukuma mbele mama mmoja mnene, wamemvika koti la mwanamume na kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Akatuambia, "Mimi nitawaonyesha mkwe." Akaanza kutembea. Jamani! Kichwa chini, mabega yamepanda masikioni, anakwenda kinyumenyume asije akakutana na mama mkwe, anamwomba radhi mbuzi, anakisalimia kinu, halafu puu! akaangukia kibanda cha kuku, akainuka na kuku kwapani, akamwambia baba mkwe kwa heshima zote, "Hamjambo hapa, tumekuja kwa mambo mema."

Nikasikia kitu kinapasuka tumboni. Mimi mwenyewe niliwahi kuangukia kibanda cha kuku ukweni, tena na kuku nilitoka naye, nikasema moyoni, kumbe wajinga tuko wengi! Nikaanguka kitini kwa kicheko. Kulikuwa na mama mmoja mstari wa pili ananipungia mikono na kunikonyeza kwa nguvu (nikafikiri ananitaka, maskini mimi, kumbe ndiye jirani wa kina Rasoa aliyenimiminia chai siku ya posa). Nikainuka, nikapanda jukwaani, nikamshika yule mchekeshaji mkono nikauinua juu.

"Huyu hapa! Wengine wote bure!"

Jirani akapiga yowe. "Wee karani! Huyo ni mama ya Rasoa!"

Mama akavuta kofia mpaka kidevuni akatoka mbio, na mimi nimebaki na mkono hewani. Nilitamani sakafu inimeze. Mzee Musa, ambaye kumbe alikuwa ameketi nyuma kabisa, akaniita nje, akiwa na wazee wawili.

"Rudi ndani," akasema. "Sema ulikuwa unacheza, mtangaze Kilonzo, iwe kama mke wangu hakusimama pale. Ukikataa, hakuna arusi."

Njoroge, aliyekuwa amenifuata nje, akaninong'oneza, "Ni neno moja tu, bwana. Liseme twende nyumbani."

Nilimpenda Rasoa, msione nacheka. Lakini hasira nazo zilinipanda, kwa sababu nilijua nilichokiona.

"Mzee," nikasema, "mkono nimeshika na nimekosa. Kondoo wa kuondoa aibu nitaleta. Lakini Kilonzo hakunichekesha. Mama amenichekesha. Watu wote wameniona nikigaragara, niwaambie nini, nilikuwa natafuta sindano?"

"Basi msichana hakuna."

Rasoa alikuwa amefika kutoka kwaya, kitabu cha nyimbo mkononi, amesikia yote. "Baba," akasema, "unataka unipe kwa mtu anayekana alichokiona na macho yake?"

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya ukuta wa choo cha mabati, maana huko ndiko mama alikokimbilia kujificha.

"Musa! Pokea kondoo! Miaka ishirini nakuchekesha kitandani na mezani, na wewe hujawahi kuniambia hata siku moja kwamba ninaweza. Huyu mtoto amesema mara moja, mbele ya watu, na wewe unataka ameze!"

Hakuna aliyecheka, hata Njoroge. Mzee akaligeukia lile bati, akasema, "Kondoo awe mnono."

Alikuwa mnono, na arusi ilifanywa. Mimi nimeapa sikalii tena kiti cha jaji wa kitu chochote, hata mbio za watoto, na ninyi msijisifu kwa fundi wa baiskeli. Lakini hukumu yangu ya Thika iko pale pale. Mchekeshaji nambari wani tangu dunia iumbwe ni mama ya Rasoa, na asiyekubali akate rufaa.