Vidonge vya Siku za Mfungo

Mwaka tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, karibu na Muyama, mama yangu alipigwa na kiharusi akiwa anapepeta maharage. Mkono wa kulia ulilegea, mdomo ukaenda upande, na maneno yake yote yakaondoka, isipokuwa moja: "Ndiyo." Ukimuuliza kama ana njaa, ndiyo. Kama ameshiba, ndiyo. Jirani yetu mmoja, mtu wa utani, alisimama mlangoni akasema, "Shemeji, yule mbuzi wako mweupe nimchukue?"

"Ndiyo," mama akajibu, kisha akamrushia ungo kwa mkono wa kushoto.

Tulicheka mpaka machozi. Ndipo tukajua kwamba mama yu mzima mle ndani.

Siku chache kabla ya hapo mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza, wa kike. Baba yangu alikwisha kufariki, hivyo jina lilikuwa la mama kulitoa. Alikuwa ametuambia, "Ninalo tayari. Subirini siku ya kumtoa nje." Sasa lilikuwa limefungiwa ndani yake. Padri alikuwa radhi kumbatiza mtoto kwa jina la mtakatifu tu, lakini mke wangu alikataa. "Bibi yake yu hai," alisema. "Tukichagua wenyewe, tutakuwa tumemzika."

Nikampeleka mama hospitali ya Kasulu, juu ya lori la kahawa. Daktari alimpa vidonge vya kushusha shinikizo la damu, na vingine vyeupe vya ubongo, mara tatu kwa siku baada ya kula. "Hivi vyeupe wengine vimewasaidia kupata maneno, wengine havikuwasaidia," aliniambia. "Siwezi kukuahidi. Na msimwache kimya. Msemesheni."

Kila asubuhi nilipiga makofi, kama ilivyo desturi yetu, na kumsalimu kwa Kiha, polepole, na yeye alinijibu kwa kujipiga paja. Mke wangu alimpakata mtoto kwenye magoti yake. Lakini Kwaresima ilikuwa imeanza, na mimi, mwalimu wa dini, nilikuwa nimeiwekea nyumba yetu mfungo wa Jumatano na Ijumaa kwa ajili ya ulimi wa mama. Siku hizo alikula jioni tu. Na kwa kuwa daktari alisema vidonge ni baada ya kula, alimeza jioni tu.

Tuliporudi hospitali, daktari alimimina vilivyobaki mezani. Vilikuwa vingi.

"Mwalimu, hivi vinafanya nini hapa?"

Nikamweleza. Alivua miwani yake. "Kwa hiyo umemfungisha mgonjwa, na dawa nayo ukaifungisha?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimefundisha watu wazima kwa miaka kwamba mgonjwa hafungi, na kwa mama yangu mwenyewe nikasahau. Njiani nilimwomba radhi. Aliniwekea mkono kichwani, akasema, "Ndiyo."

Tangu siku hiyo hatukukosa hata mara moja. Mfungo niliubeba mimi peke yangu. Zikapita wiki. Likaja neno "maji." Likaja "moto." Kisha, asubuhi moja ya ukungu baada ya Pasaka, mtoto akiwa magotini pake, mama alimtazama muda mrefu, midomo ikihangaika kama mtu anayetafuta ufunguo gizani, akatamka jina. Akalirudia, wazi kabisa.

Mke wangu alipiga magoti. Lilikuwa jina la dada yangu aliyefariki mchanga, ambalo mama hakuwahi kulitaja tangu tulipomzika. Kati ya maneno yote aliyopoteza, Mungu alikuwa amemtunzia hilo.

Jumapili iliyofuata mtoto alibatizwa. Maneno mengine ya mama yalirudi machache, na mengi hayakurudi kamwe, lakini hatukulalamika.

Tulipokwenda tena Kasulu, mtoto mgongoni kwa mke wangu, daktari alisikia habari yote akatabasamu. Akainama mbele ya mama. "Sasa niambie, mama. Kilichokusaidia ni vidonge vyangu, au sala za huyu mwanao?"

Mama akatutazama mmoja mmoja. Macho yake yalikuwa yakicheka.

"Ndiyo," akasema.